Swali la Bi Mwanatumu

Wa kwanza alikuja na vyeti ndani ya bahasha,
akavipanga mezani kama karata.
Wa pili alinisimulia uchungu wa watoto wake wanne;
chai ikapoa, nami nikaogopa mara nne.

Bi Mwanatumu wa Barabara ya Kumi na Tatu
alivua viatu, akaomba maji ya kunywa,
kisha: "Uchungu ukikushika,
wewe ni wa kushikwa au wa kuachwa?"

Miaka ishirini na sita, hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nikasema: wa kuachwa.
"Haya," akaitikia, kama anayepokea chenji.

Wifi akaninong'oneza: wakunga Bombo wapo,
huyu wa kukaa tu analipwa kwa lipi?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miezi minane.

Usiku ule wauguzi wawili, wazazi tisa.
Bi Mwanatumu hakugusa mkasi wala kitovu;
si kazi yake, alishasema.
Alikaa ukutani akivuta pumzi
polepole, kwa sauti, mpaka yangu ikaifuata
kama mtoto anayekokotwa kwenda shule.
Aliniacha, kama tulivyopatana,

hadi saa tisa, nilipomwita kwa jina tupu,
bila Bi,
nikamng'ata mkono.
"Kumbe wa kushikwa," akasema.
Akanishika kiuno mpaka adhana.

Leo siku ya saba, amekuja kumwona Shehoza mdogo.
Nimechungulia kifundo cha mkono: alama bado ipo,
nusu mwezi, rangi ya zambarau iliyoiva.
Ameishushia bangili.
Ameomba maji ya kunywa.