Kiungulia

Swabra wa duka la dawa pale Makupa
hauzi kitu bila hadithi.
Nimetaka vidonge tu, vile vya kutafuna,
vyenye ladha ya chaki na mnanaa.
Ameegemea kaunta. Foleni nyuma yangu yaguna.

"Zamani walidhani chakula huiva tumboni kama chunguni,
au huoza tu, kama embe lililosahauliwa kapuni.
Akatokea mmoja akameza vifuko vya kitambaa, nyama ndani.
Vikatoka kwa njia unayoijua:
vifuko vizima, nyama haimo.

Mwingine alipigwa risasi ubavuni, akapona,
tundu likakataa kuziba.
Daktari wake akawa achungulia
kama mtu kwenye dirisha la jirani,
akitumbukiza nyama kwa uzi wa hariri, akitazama saa.
Miaka, Mzee Famau, miaka!

Ndipo mwingine akayapima yale maji, akasema:
hii si siki, si ndimu.
Ni asidi ya chumvi, ile ile
wanayopaka mafundi wa bati kabla ya kulehemu."

Nikasema, basi kikulacho ki nguoni mwako.

"Na nguo yenyewe ingeliwa," akasema,
"lau tumbo halijipaki ute,
halijivui ngozi kila siku chache na kujishonea mpya."

Mtu nyuma akakohoa. Swabra hakujali.

"Tena kuna mbwa. Walimpasua umio.
Akila, chakula chadondoka chini, hakifiki.
Na tumbo, tupu vile vile, likamwaga asidi.
Halingoji kuonja, mzee.
Lasikia sahani tu."

Hapo nikaacha kucheka.

Kila jioni, saa kumi na mbili kasorobo,
mke wa Shebwana, ng'ambo ya ukuta wangu,
hugonga mwiko ukingoni mwa sufuria. Mara tatu.
Hivyo hivyo Mwanakheri alikuwa akigonga,
ya tatu nyepesi, kama aliyebadili nia.

Miezi saba nala mkate wa duka na chai ya rangi.
Mimi najua alikolala; udongo niliutia kwa mkono huu.
Tumbo langu halikwenda mazikoni.
Likisikia mwiko, huandaa.
Huandaa kwa wali wa nazi usiokuja,
na usiku chote lilichoandaa
chapanda kifuani, chaniunguza hadi alfajiri.

Swabra akahesabu chenji, akaifunga dawa kwenye karatasi.
"Kimoja baada ya kula."

Kula nini, sikumwuliza.