Funga Moja Moja

Wadudu wa ziwa waliingia saa nne usiku,
wingu zima, kama moshi wa mtu anayechoma takataka juu ya maji,
wakaziba pua za kiyoyozi.
Saa tano chumba cha seva kilikuwa na homa:
nyuzi thelathini na nane, arobaini, arobaini na moja.
Machumu akapiga simu kutoka Nyakato:
"Zifunge zote. Waya usichomoe.
Moja moja, unavyolaza watoto."
Machumu hana watoto.
Wangu hulala wote kwa mpigo, au halali hata mmoja.

Sanduku moja la chuma, kanzidata tano ndani:
wapangaji watano, mita moja ya umeme.
Nilianza na mishahara. Usiku hakuna anayelipwa.
Ikafunga bila neno.
Zikafuata ankara za maji,
wadaiwa wa Igoma wakapata nafuu ya saa chache.

Mizani ya Mwaloni ikagoma.
Kuna mtu ndani: Minza, zamu ya dagaa,
gunia la mia mbili na sita liko juu ya sahani.
Mgahawa una namna tatu za kufungwa:
umngoje mteja amalize chai,
umwambie aache kikombe,
au uzime taa akiwa bado anatafuna.
Nikampigia. "Dakika tatu, kaka,"
na nyuma yake mtu akibishania kilo mbili.
Nyuzi arobaini na nne.
Nikangoja. Minza akatoka.

Ya nne, tiketi za kivuko.
Hapakuwa na mtu, ila majina ya abiria wa alfajiri
yalikuwa yakiandikwa diskini, nusu yameingia.
Hapa ningeweza kuharakisha.
Orodha ya abiria haikatwi katikati;
anayeishi kando ya ziwa hili haulizi kwa nini.
La mwisho lilikuwa Nyamizi, na mtoto mmoja.

Ya tano sikuijua.
Jina lake: jaribio la Lugata.
Lugata aliacha kazi zamani, anauza mpunga Kahama.
Ndani, jedwali tupu
na kiprogramu kinachouliza kila dakika: upo?
Nayo hujibu: nipo.
Miaka minne. Hakuna aliyewahi kusoma jibu.

Niliyaacha maswali mawili yapite,
jasho likinidondoka kwenye kibodi,
kisha nikaandika amri, kwa herufi ndogo.
*Upo?*

Nikazima na sanduku lenyewe.
Feni zikashuka sauti, moja, halafu zote,
na tangu niajiriwe sikuwahi kujua
kwamba kutoka kiti kile
ziwa linasikika likigonga mawe ya Igogo.

Halafu nikatafuta ufagio.
Wadudu walijaa ndoo mbili.
Mlinzi akaziomba zote,
kuku wake, akasema, wanawapenda.