Mwanasesere wa Robota

Tulikata waya wa robota saa kumi na moja alfajiri,
Karume, kibanda cha nne kutoka chooni,
kwa koleo la Mangosongo lisilokata vizuri.
Harufu ya dawa ya nondo ikatangulia kutoka.
Dubu wasio na jicho. Gari la zimamoto bila ngazi.
Kisha yeye,
kifudifudi, kama mtu aliyepitiwa na usingizi safarini.

Nikamgeuza.
Uso wa kitambaa cheusi tititi,
macho mawili meupe kama visahani,
midomo myekundu imekula nusu ya uso,
nywele za sufu zimesimama kama kapigwa na umeme,
suruali ya mistari, mikono isiyo na vidole.
Anacheka. Anacheka tu.

Mangosongo akasema, "Shangazi, ndugu yako kafika,
hebu ona pua." Kibanda kizima kikaangua kicheko,
na mimi, nisiwafiche, nilicheka,
nilicheka kabla sijajua nacheka nini.

Mjukuu wangu Tunu, darasa la pili,
aliyekuwa akipanga magurudumu kwa rangi,
ndiye aliyeuliza:
"Bibi, huyu anacheka au ameambiwa acheke?"

Siku mbili sokoni hapakuwa na hoja nyingine.
Baba Tunu kwa simu: choma, mama, usilale naye nyumba moja.
Mama Sekela wa viatu: mdoli ni mdoli, bandika elfu tatu,
mbona sisi kwenye ngano zetu tunawachora wengine
wajinga, wachafu, wenye kula watu?
Hakuna aliyemjibu. Kila mmoja alikumbuka ngano moja.
Mwalimu Nyoni, mstaafu, miwani imefungwa kwa uzi:
"Shahidi hachomwi moto. Mwekeni kabatini aendelee kusema."
Na bwana mmoja wa Upanga, mkusanyaji wa vya kale,
akampima kwa kiganja, akataja elfu themanini.
Kodi ya kibanda ni sabini.

Usiku nikamkagua chini ya taa, kifundi.
Kwapa la kushoto limeshonwa upya, mara mbili,
nyuzi za rangi tofauti, mikono tofauti.
Shavu limechakaa upande mmoja tu,
upande wa kulalia.
Alipendwa, huyu.
Hapo ndipo paliponichoma.
Kuna mtoto huko kwenye baridi
alimkumbatia miaka na miaka ili asinzie,
akajifunza sura yangu kabla hajaniona,
akanizoea nikiwa sina vidole.

Nami nilikuwa na wangu, Magomeni, mwaka wa sabini na moja.
Mama alimshona kwa kipande cha kanga na kaki ya baba,
akamjaza sufi,
mdomo akampa mishono mitatu, basi.
Rangi yangu hasa. Nikamficha chini ya kitanda.
Nilimtaka yule wa kwenye kioo cha duka,
mwenye nywele za manjano,
anayefumba macho ukimlaza.
Mama aliona. Hakusema neno.
Baadaye wa kaki alikuwa kishikio cha masufuria ya moto.

Nikachukua wembe, nikaanza kufumua ile midomo,
uzi mmoja, mwingine,
wekundu ukinirundikia mapajani.
Nilidhani chini yake nitakuta uso.
Nilikuta kitambaa ambacho jua halijawahi kukigusa,
cheusi kuliko kwingine kote,
na umbo la mdomo liko palepale, linacheka.
Nikasita katikati.
Kumbe Tunu alikuwa macho. "Bibi, muache hivyohivyo."

Bwana wa Upanga alirudi Jumanne na bahasha.
Akamgeuza huku, akamgeuza kule, akasikitika.
"Mmemharibu," akasema.
Nikamwambia alikuja hivyo.