Hitilafu

Zilikuja kumi na mbili juu ya punda watatu
kutoka gatini, zimefungwa kwa kamba ya makumbi,
na Famau mwenye punda akauliza,
"Zombo gani hizi, zito hivi?"
Kompyuta, nikamwambia.
Akazitazama, akacheka: "Za enzi ya nani?"

Kweli zilikuwa kuukuu. Tulipoziwasha
chumba cha chini, hapa Langoni,
kila moja ilitoa ilani ileile:
leseni imekwisha, lipa.
Kama mtu kukubishia hodi nyumbani mwako
akudai kodi ya kitanda ulichozaliwa.

Kadzo ndiye aliyepanda basi kutoka Malindi
na mfumo mzima ndani ya flashi,
ameifunga kwenye pindo la leso kama nauli.
Hatukulala. Tulifuta, tukasakinisha,
na adhana ya alfajiri ilikuta mashine tisa ziko macho.
Tatu zilikufa kabisa. Tukazichuna vipuri.

Watu huniuliza, "Ni ya bure?"
Nasema ni huru.
Bure ni zile siku nilizohangaika
na printa ya mwalimu mkuu.
Huru ni kama dari ya nyumba hii:
inua macho, hesabu boriti.
Iliyooza unaiona,
na kesho waweza kuleta nyingine
bila kumwomba ruhusa aliyejenga,
mradi jina lake usilifute ukutani.

Basi nami nikaleta boriti yangu. Maneno.
Mfumo ulisema Kiswahili cha kubabaisha,
kama mgeni aliyesomea kamusi ndani ya ndege.
Nikaanza kutafsiri, sentensi thelathini
kila baada ya isha,
na watu nisiowaona wakawa wanapitia kazi yangu:
Rweyemamu wa Bukoba, Mbeyu wa Kilifi,
na mmoja anayejiita Kunguru,
hajasema yuko wapi,
ila hujibu wakati sisi tumelala.

Siku nne tuligombania neno moja.
Mashine ikikwama, iseme nini?
Mimi nikasema: Kosa.
Herufi nne, linaenea hata kwenye kitufe kidogo.
Rweyemamu akasema: Hitilafu.
Nikamjibu hilo ni neno la mawakili,
refu kama kanzu ya kuazima.
Akaniuliza swali moja tu:
"Kosa la nani?"
Sikumjibu. Nilifunga mashine
nikaenda kukanda unga.

Kura zikapigwa. Nikashindwa, tatu kwa moja.
Na Kosa langu nilikuwa nimeshaliweka
kwenye mashine zetu tisa, bila kungoja mtu.
Huru si huru?

Kuna mtoto darasani, Bwanaheri, miaka kumi.
Kila skrini ilipoandika Kosa
alificha mikono chini ya meza, viganja vimekunjwa.
Nilidhani ni baridi ya feni.
Mama yake ndiye aliyeniambia, baadaye,
shule aliyotoka walivyokuwa wakichapa.

Juzi toleo jipya likaingia.
Nilisimama nyuma yake. Akabofya pasipofaa.
*Hitilafu imetokea. Jaribu tena.*
Akalisoma polepole, hi-ti-la-fu,
akageuka. "Mwalimu Somoe, hii si mimi?"
"Si wewe."
Akajaribu tena. Mikono ilibaki juu ya meza,
mmoja una wino, mwingine una maembe ya achari.

Usiku nilimwandikia Rweyemamu barua ndefu,
nikaifuta, nikaandika nyingine, nikaifuta.
Nikatuma: "Ulikuwa sahihi."
Akajibu kwa kuniletea sentensi arobaini zaidi.

Printa bado haichapi.
Nimeeleza yote, inavyolia, taa inavyokonyeza,
karatasi inavyoingia nusu ikagoma.
Saa tisa za usiku Kunguru akajibu:
"Ninayo kama hiyo stoo.
Kesho nitaifungua nione."