Subiri Chupa Ipoe

Simu ilisema printa imekufa.
Nikaendesha saa mbili na nusu hadi Ijevan,
ukungu umelala juu ya lami, bisibisi zinagombana sandukuni,
na njiani nikatayarisha zile rambirambi
ambazo mafundi huwapa wenye mashine za mtumba.

Haikuwa imekufa.
Ilikuwa juu ya meza ya jikoni, kati ya unga na redio,
inatema lebo kama mtoto anavyotema mbegu za tikiti,
kila moja safi: jina, uzito, tarehe,
na ile mistari, myembamba kwa minene,
imesimama wima kama watu wanaongoja mkate.

"Sasa tazama huku," akasema Satenik.
Chupa mia mbili na kumi za jamu ya jozi mbichi
zimepangwa sakafuni juu ya mablanketi,
na kila chupa imevaa kiraka cheusi tii.
Hakuna jina. Hakuna uzito.
Katoni ya kwanza alikwisha kuipeleka Yerevan:
kijana wa duka alipitisha skana mara tatu,
ikanyamaza kama mkwe aliyeudhiwa.

Mikono yake nayo nyeusi mpaka viwikoni.
Utomvu wa maganda ya jozi hautoki kwa sabuni,
hutolewa na siku.

Nikamuuliza, unabandika saa ngapi?
"Zikitoka tu mekoni. Moto moto. Gundi hushika."

Nikavuta kigoda.
Mashine hii, mama, haina wino,
haijawahi kuwa nao.
Ina kichwa chenye vidoti vya joto, vidogo kuliko chembe ya chumvi;
kila kidoti huuma karatasi, na karatasi huwa nyeusi pale ilipoumwa.
Mistari hii ni majeraha yaliyopanga foleni.
Ukiibandika karatasi hiyo kwenye chupa inayofuka
inaungua yote, inasema yote kwa mara moja,
na asemaye yote kwa mara moja
hasikiki.

Akaokota lebo moja mezani, akaigeuzageuza kwenye mwanga.
Nikamwonyesha pambizo, kushoto na kulia,
weupe ulioachwa makusudi.
Skana huanzia hapo. Bila kimya kile
haijui neno linaanza wapi.
Na hii saba ya mwisho haihesabu jamu, haihesabu chupa,
kazi yake ni kuwachunga wenzake kumi na wawili:
mmoja akidanganya, yeye anakataa.

"Kama mama wa marehemu Hrant," akasema.
"Alikaa mwisho wa meza, hali kitu,
anahesabu uongo wetu."

Basi nifanye nini?

Subiri. Acha chupa ipoe.

Alicheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani.
Siku tisa nimeloweka jozi hizi,
maji mapya asubuhi, maji mapya jioni,
siku nzima kwenye chokaa,
siku tatu nachemsha napoza, nachemsha napoza,
halafu nikashindwa na saa moja!

Ada ya ziara ni dram elfu nane.
Bei ya neno subiri haimo kwenye orodha yangu,
nikaandika sifuri, naye akaikata kwa kalamu
akanipa chupa iliyotoka mekoni dakika ile,
imeviringishwa gazeti, haina lebo;
juu ya kifuniko, kwa mkono, mwaka na herufi moja
ambayo sikuuliza ni ya nani.

Niliiweka kiti cha abiria, karibu na roli ya karatasi mpya.
Barabara ya Dilijan ina kona nyingi.
Nilipofika karakana, gazeti lilikuwa limefunguka,
chupa imeegemea roli usingizini,
na kwenye karatasi, pale zilipogusana,
pana nusu duara nyeusi,
haina tarakimu, haina mlinzi.

Nilikata kipande kile. Kiko ukutani, juu ya swichi.
Kinafifia.