Mtoto wa Jicho

Mama alisema kiti changu kinameza watu.
Nilikiagiza Ghala, nikakingoja miezi mitatu:
kifupi, kipana, rangi ya mchanga wa wadi mwezi wa saba,
miguu ya mwaloni imejificha chini kwa adabu.
Alikikalia mara moja. Kuinuka, tulimvuta wawili,
mimi na Shofiqul aliyekuja kufunga taa.
Kesho yake nikamkuta sebuleni
juu ya kiti cha plastiki, cheupe, cha uani,
ameketi wima kama anayengoja kuitwa na nesi.

"Nyumba nzuri, Azza. Ila ina giza."

Giza! Mimi niliyewapangia watu mwanga
kutoka Mawaleh hadi Sohari,
ninayejua ukuta upi uoshwe na taa
na upi uachiwe kivuli chake.
Nilizika taa ndani ya jasi, mstari mwembamba
uzunguke dari kama hina ya ncha ya kijiti.
Juu ya meza nikaning'iniza kikombe cha shaba,
mwanga udondoke palepale penye sahani,
laini, rangi ya samli.
"Samli, ndiyo," akasema. "Na mimi natafuta miiba."

Akaenda Ruwi bila kuniaga.
Akarudi na taa ya tyubu, ndefu kama muwa,
kaifunga kwenye mtandio,
akampa Shofiqul riali mbili na siri moja.
Jioni jikoni kwangu pakawa duka la dawa.

Tuligombana kama wanavyogombana wanawake wa kwetu,
kwa kupika bila kusemezana.
Siku ya tatu nikamwambia: ukuta huu rangi yake ni utulivu.
Akasema: humu kila kitu kimefuliwa mno,
nyumba imevaa kanga ya miaka kumi.
Nikasema: mbona Bi Shinuna ameisifu?
Akasema: Bi Shinuna ana haya.

Kisha akamimina kahawa kando ya kikombe.
Akaimimina tena. Hakuona.

Daktari alikuwa kijana, bibi yake wa Wete,
akamwinamia na kijitochi, akamsemesha kwa Kiswahili:
"Bibi, una mtoto wa jicho. Amekomaa.
Umekaa naye muda gani?"
"Huyu?" Mama akaninyooshea kidole.
"Miaka arobaini na sita. Na bado hajakomaa."

Nilicheka hadi kwenye maegesho.
Ndani ya gari kicheko kikaisha.
Mwaka mzima mama anaitazama dunia
kupitia kioo kilichomwagikiwa chai,
nami mwaka mzima namwongezea chai:
kuta za chai, mazulia ya chai, taa za samli,
namwita mshamba
kwa kuomba kidogo cha nyeupe.

Wakamtoa jicho la kulia, baadaye la kushoto.
Nyumbani hakukaa. Alizunguka na kiganja ukutani,
taratibu, kama anayekagua kitambaa dukani.
"Kumbe una uwaridi ndani yake."
"Kidogo tu," nikasema. "Matone manne kwa ndoo."
"Mbona hukuniambia?"
Nilikuwa nimemwambia. Sikujibu.

Jikoni akafinya macho.
"Zima muwa huu, unachoma."
Tukala chini ya shaba, nguru wa kupaka.
Miiba aliichambua mwenyewe, akaipanga
ukingoni mwa sahani, mmoja mmoja, bila haraka.
Halafu akanyanyua uso.
Taa ilikuwa inanimulika kama nilivyoichora imulike,
kwa huruma, kutoka juu.
"Azza. Tangu lini una mvi?"

Kiti cha plastiki bado kipo sebuleni.
Wateja wakija hukikodolea macho, nami sikiondoi.
Jana usiku alipolala nilikishikia futi:
kutoka sakafuni hadi kalio, sentimita arobaini na nne.
Nimeiandika daftarini, ukurasa wa mbele,
nikaipigia mstari.