Karani wa Mizani

Nilikuwa ni karani, mkonge nikiupima,
pale korona Ngomeni, asubuhi nasimama,
kalamu i sikioni, kidole nyuma ya chuma,
kilo mbili mfukoni, kila gunia la mama.

Leo nimestaafu, Ngamiani naishia,
kanisani nina safu, ya pili kutoka njia,
bahasha zangu nadhifu, namba zake zatimia,
na daftari li refu, Mungu namuandikia.

Mabati kumi na moja, saruji, mbao na rangi,
ada za yatima mmoja, mishumaa, viti vingi,
jumlisha moja moja, toa zile kilo nyingi,
na jawabu halijaja, kifuani ni kigingi.

Hapa vina vinakataa.
Nimevipanga usiku kucha, mizani haisimami sawa.

Kila Meza ya Bwana ilipoandaliwa, nilitazama kiatu changu.
Wengine walikwenda mbele, wakapiga magoti,
wakarudi wakifuta midomo kwa kiganja.
Mchungaji Kaniki akaniuliza mlangoni:
"Mzee Semhando, tumbo?"
Nikasema tumbo.
Miaka sita, tumbo.

Mwezi wa nne nikatoa pesa benki, nikazifunga kwa mpira,
nikaenda Ngomeni kumtafuta Felisia, mama Bukuru.
Nilikuwa na hotuba. Niliiandika, na tarehe nikaiweka.

Nilimkuta anamenya machungwa ya kuuza,
ganda likishuka refu bila kukatika.
Nikaisoma yote nimesimama juani:
kidole, chuma, kilo mbili kila gunia,
miaka kumi na mmoja, pamoja na riba.
Hakuinua macho mpaka ganda lilipoisha.

"Karani," akasema, "lile gunia la Jumamosi
ulilokuwa ukilisifu, eti Felisia ana mkono mzito,
unajua mle ndani mlikuwa na nini?"

Sikujua.

"Mchanga. Wa mtoni. Kilo tatu,
na siku nyingine mawe."

Akacheka hadi kisu kikamponyoka.
Mimi na bunda langu mkononi,
sijui tena nani anamdai nani.

"Basi tulikuwa wezi wawili," akasema,
"wewe huku, mimi kule,
na mti wa mizani umesimama katikati."
Akaokota kisu, akakifuta kwa kanga.
"Mwaka wa kipaimara cha Bukuru nililia peke yangu.
Nikamwambia, Bwana, hata nikitaka kurudisha, nirudishe wapi?
Korona yenyewe imefungwa, imeota nyasi.
Akanipokea hivyo hivyo, na mchanga wangu.
Wewe una pesa. Hapo ndipo penye shida yako."

Bunda hakuligusa.
"Mpelekee Siwema, nyumba ile ya mwisho.
Yeye magunia yake yalikuwa safi."

Nikampelekea. Siwema hakucheka.
Alihesabu mara mbili, akafunga mlango,
na nilistahili mlango ule.

Nikarudi. Felisia akanipa chungwa.
Nikapeleka mkono mfukoni, akaniangalia tu,
mkono ukarudi wenyewe.
Nililila nimekaa juu ya ndoo yake iliyofudikizwa,
maji yakinichuruzika mpaka kwenye kiwiko,
mzee mzima.

Jumapili ile niliposimama, magoti yalilia kanisa zima likasikia.
Mchungaji Kaniki alisita kidogo, kisha akaendelea.
Kiganja hiki hujua gramu bila jiwe la mizani,
ndiyo kazi iliyonizeesha.
Mkate ulipotua nikajaribu kuupima, kwa mazoea.
Nikajaribu tena.
Nikaula.

Niliporudi nyumbani nikaiona bahasha juu ya daftari,
na namba yake, imefungwa vizuri.
Nilikuwa nimeisahau.